Mnazuia vizuri, kufunga ndiyo shida: mwongozo wa kunoa mashambulizi ya timu ya kikapu

Kuna timu ambayo ukipangiwa nayo unalala vibaya. Inabana, inagombania kila mpira uliodondoka, na mpinzani akiifunga pointi 60 anaondoka kifua mbele. Shida ni kwamba yenyewe inamaliza na 56. Mwongozo huu ni wa kocha wa timu ya namna hiyo: klabu ya Arusha au Moshi inayolipa wachezaji wake, inayofanya mazoezi mara nne kwa wiki kwenye uwanja wa wazi, na inayopanda basi kwenda Dar es Salaam kila inapotaka kujipima na wakubwa.

Jambo moja lieleweke kabla ya zoezi lolote. Ushambuliaji mbovu hauishii kukunyima pointi, unakula na ulinzi wako. Mpira ukiporwa karibu na mstari wa kati, ule ulinzi unaojivunia haupo tena uwanjani: watatu wako wako mbele ya mpira, na wawili waliobaki wanafukuza mgongo wa mtu anayekwenda peke yake kufunga leyapu, yaani mtupo wa kukimbia na kuruka chini ya ringi. Kwa hiyo usitafute mchezo mpya kabisa wa kushambulia. Jenga mashambulizi yanayoanzia kwenye kile ambacho vijana wako tayari wanakiweza, na yasiyouacha ulinzi uchi.

Kwanza, kaunta buku

Mechi tatu za mwanzo usibadili kitu. Tafuta mtu mmoja asiyecheza, makini, mpe kaunta buku na kalamu mbili za rangi. Kila robo ya mchezo ipate ukurasa wake, na kila ukurasa uwe na nusu uwanja iliyochorwa kwa rula. Mtupo ulioingia ni duara, uliokosa ni msalaba, na pembeni yake iandikwe namba ya jezi. Chini ya ukurasa ziwe safu tatu: mitupo huru (ile ya adhabu baada ya faulo), ribaundi za kushambulia (mipira mliyoidaka wenyewe baada ya mtupo wenu kukosa), na mipira iliyopotea. Safu hii ya mwisho iandikwe kwa herufi: P kwa pasi mbovu, D kwa aliyeporwa akidunda, T kwa aliyetembea na mpira, S kwa sekunde tatu (mshambuliaji aliyekaa mno kwenye eneo lililochorwa chini ya ringi) au muda kuisha, F kwa faulo ya kushambulia. Mwandishi akae upande wa meza ya waamuzi, siyo kwenye benchi lenu. Akikaa benchi ataanza kushangilia na atasahau kuandika.

Baada ya mechi tafuta idadi ya zamu zenu za kushambulia. Chukua mitupo yote ya kawaida, jumlisha mitupo huru mara 0.44, toa ribaundi za kushambulia, kisha jumlisha mipira iliyopotea. Ile 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru huja miwili miwili, na mingine hufuata kikapu ambacho tayari kimeingia, hivyo mtupo huru mmoja si zamu nzima.

Tuchukue mfano wa hesabu. Timu imetupa mara 60: za pointi mbili 44, zimeingia 18, za pointi tatu 16, zimeingia 4. Mitupo huru 14, imeingia 8. Ribaundi za kushambulia 9, mipira iliyopotea 19. Zamu ni kama 76, pointi 56. Kila zamu imezaa pointi 0.74 tu.

Sasa angalia pesa ilipovuja. Mpira uliopotea unazaa sifuri, lakini zile zamu 57 ambazo hazikupotea zimezaa karibu pointi moja kila moja. Punguza mipira inayopotea kutoka 19 hadi 14 na umepata kama pointi 5. Chukua mitupo 10 ya umbali wa kati inayoingia kwa asilimia 30, ambayo ni pointi 6, na badala yake pata leyapu tano zinazoingia nusu kwa nusu na mitupo mitano ya kona inayoingia kwa asilimia 32: hiyo ni karibu pointi 10. Mitupo huru ikiingia 10 badala ya 8, ongeza 2. Umetoka 56 na kufika 67 bila kusajili mtu. Huyo aliyefungwa na mpinzani mwenye 60 sasa anashinda kwa saba.

Kocha mwenye haraka huruka hatua hii, anakimbilia kuchora mipango 12 ya kushambulia kwenye ubao. Vijana wanakariri minne, kisha wanasahau mitatu kati ya hiyo, na kwenye robo ya nne hakuna anayejua kinachoitwa.

Mipira inayopotea

Siyo yote inauma sawasawa. Mpira uliotoka nje unakupa nafasi ya kurudi na kujipanga, ulioporwa ukiwa hai ni leyapu ya mpinzani. Kwa hiyo mazoezini weka adhabu mbili tofauti: uliotoka nje unakatwa pointi 1, ulioporwa unakatwa 2. Hesabu hiyo iandikwe ubaoni mbele ya wote.

Ukiangalia herufi kwenye kaunta buku, mara nyingi P ndiyo inaongoza, na chanzo chake kiko miguuni: mchezaji anaruka kwanza halafu ndiyo anatafuta wa kumpa. Dawa ni kusimama kwa miguu miwili. Anaingia ndani, anatua kwa miguu yote kwa pamoja, magoti yamekunjwa, mpira uko chini ya kidevu na viwiko vimetoka nje kidogo. Kisha anazunguka kwa mguu mmoja na kutoa pasi. Zoezi lake ni wanne dhidi ya watano, nusu uwanja, bila kudunda hata mara moja, pasi kumi ndipo waruhusiwe kutupa. Siku ya kwanza hawatafika sita. Fanya dakika nane kila siku ya mazoezi kwa wiki tatu, na mlinzi wa ziada awe mrefu.

Tangu Mtanzania mrefu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili kwenye drafti ya NBA, pale klabu za ligi kubwa ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, mwaka 2009, hamu ya kuwa na mtu mrefu imekuwa kubwa, na si vibaya. Lakini mrefu asiyefikiwa na pasi ni mnara tu. Pasi ya kumwingizia itoke kwenye pembe, yaani ubavuni, kati ya kona na juu katikati, siyo katikati yenyewe, na ielekee kwenye mkono ulio mbali na mlinzi wake.

Sekunde saba za kwanza

Hapa ndipo timu inayozuia vizuri ina utajiri ambao haijautumia. Kila mlipopora na kila ribaundi mliyochukua ni wakati ambapo mpinzani hajajipanga. Kwenye kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mna sekunde 8 kuvuka mstari wa kati na 24 za kutupa, ila msizitumie zote kwa heshima.

Kazi igawanywe hivi. Aliyechukua ribaundi ageuke kuelekea mstari wa pembeni ulio karibu naye, kamwe asigeukie katikati ambako mikono ya wapinzani imejaa. Mchezeshaji amngojee pembeni, usawa wa mstari wa mitupo huru, mgongo ukiwa umeelekea mstari wa pembeni ili aone uwanja mzima. Mawinga wawili wakimbie moja kwa moja hadi kwenye kona, wakikanyaga karibu na mstari wa pembeni. Mrefu wa kwanza kugeuka akimbie katikati hadi chini ya ringi. Wa mwisho afuate nyuma ya mpira, yeye ndiye usalama wenu.

Kosa la kawaida ni mawinga kukatisha kuelekea kikapuni mapema. Wakifanya hivyo wanamletea mpira walinzi wawili wa ziada, na mchezeshaji anakuta njia imeziba. Wakae pana mpaka mpira ufike usawa wa mstari wa pointi tatu.

Mchezeshaji ana swali moja tu: sisi ni wengi kuliko wao mbele ya mpira? Kama ni wawili kwa mmoja au watatu kwa wawili, aende. Kama si hivyo, asirudishe mpira nyuma na kuinua ngumi kuita mchezo. Yule wa mwisho anayefuata nyuma aje moja kwa moja kumwekea kizuizi. Saa ya kutupa inapofika 17, piki-endi-roli (mmoja anasimama kuziba njia ya mlinzi wa mwenye mpira, kisha anageuka kwenda kikapuni) iwe tayari inaendelea. Mpinzani aliyechoka kukimbia nyuma bado anahema na tayari ana uamuzi wa kufanya.

Kwa timu ya Arusha, iliyoko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, mbio hizi zinachosha mno wachezaji wanaotoka pwani. Tumieni hilo nyumbani. Msilitegemee Dar, huko joto na unyevu vinawageukia nyinyi.

Nafasi

Chukua chaki, pima. Alama mbili kwenye kona, mbili kwenye pembe, moja juu katikati. Kati ya alama na alama iwe mita nne na nusu hivi au zaidi, ili mlinzi mmoja asiweze kuwagusa watu wawili. Kwenye uwanja wa FIBA mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 juu, lakini kona ni mita 6.60, hivyo kona ndiyo pointi tatu ya bei rahisi kuliko zote. Hatari yake ni kwamba mstari wa kona uko sentimita 90 tu kutoka mstari wa nje. Mchezaji mwenye kiatu namba 45 akirudi nyuma hatua moja bila kuangalia, ameshatoka. Afike mapema, asimame, vidole vikiwa sentimita chache nyuma ya mstari, mikono ikiwa tayari imefunguka.

Halafu kuna yule beki wako bora ambaye hawezi kutupa. Kila timu ya ulinzi inaye, mara nyingi inao wawili. Ukimweka kwenye pembe, mlinzi wake atamwacha na kwenda kukaa ndani ya eneo la sekunde tatu, na njia zote zitafungwa. Mweke sehemu mbili tu: awe ndiye anayeweka kizuizi, au asimame kwenye mstari wa mwisho, hatua moja nje ya eneo la sekunde tatu, pale ambapo akipewa mpira anahitaji kuruka tu. Wawili wa aina hiyo kwa wakati mmoja ni mwisho. Wakiwa watatu, hakuna mchoro utakaowaokoa.

Piki-endi-roli, mchezo mmoja wenye majibu matano

Tunashauri timu iwe na mchezo huu mmoja kama chakula cha kila siku, na miwili mingine midogo kwa ajili ya mpira unaorushwa ndani kutoka pembeni na kutoka mstari wa mwisho. Inatosha.

Anayeweka kizuizi aje kwa kasi, asimame ghafla kwa miguu miwili iliyopanuka kidogo kuliko mabega, mikono imekunjwa kifuani. Asimame ubavuni mwa mlinzi wa mpira, karibu na nyonga, na mgongo wake uelekee pale mpira unapokwenda. Akisogea baada ya hapo, hata kwa kisigino, mwamuzi atapuliza na ile F itaongezeka kwenye kaunta buku.

Mwenye mpira angoje. Hili ndilo linaloharibu zaidi ya mengine yote: anaondoka kabla mwenzake hajasimama, kizuizi kinakuwa mwendo, mlinzi anapita kama hakuna mtu. Afundishwe kuchukua hatua moja ya uongo upande wa pili, ahesabu "moja" moyoni, kisha apite bega lake likiugusa ubavu wa mwenzake. Kati yao karatasi isipite. Baada ya hapo asishike mpira. Adunde angalau mara mbili huku kichwa kimeinuka.

Majibu yanatoka kwa walinzi wenyewe. Mlinzi wa mpira akipita nyuma ya kizuizi, ama unatupa, ama mwenzako anageuka na kukuwekea kizuizi kingine hatua mbili chini zaidi. Akipita juu akikufukuza, mbele yako amebaki mrefu peke yake: mwendee, umlazimishe achague. Wakija wawili kukubana, usipigane nao, rudi hatua moja na umpe aliyeweka kizuizi, ambaye amesimama karibu na mstari wa mitupo huru. Sasa ni wanne kwa watatu na yeye ndiye mchezeshaji. Wakibadilishana watu wa kuzuia, mrefu wenu ana mfupi mgongoni mwake, ampeleke chini ya ringi na kuinua mkono. Na mlinzi wa kona akiingia kusaidia, pasi iende kona bila kufikiri.

Fundisha jibu moja kwa siku mbili. Anza wawili kwa wawili, kisha watatu kwa watatu ukiwa na mtu wa kona, ndipo uwanja mzima. Mlinzi aambiwe na kocha kwa siri atakavyozuia, ili mshambuliaji asome kwa macho. Ukimwambia mshambuliaji jibu, amejifunza kutii, hajajifunza kusoma.

San Antonio Spurs walitwaa ubingwa wa NBA 2014 kwa kuifunga Miami Heat michezo 4 kwa 1, wakiwa klabu ambayo kwa miaka mingi sifa yake ilikuwa ulinzi. Ukitazama mechi zile, kinachoonekana ni pasi ya pili na ya tatu: wa kona anaupokea, mlinzi anakuja mbio, naye hatupi, anampa wa pembe aliye wazi zaidi. Hilo linafundishika hata kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa.

Kutupa

Kila mchezaji mitupo 150 kwa siku, wawili wawili, mmoja anatupa mwingine anarudisha mpira. Atupe kutoka sehemu mbili tu ambazo atazitumia kwenye mechi, na matokeo yaandikwe. Utaratibu wetu ni huu: asiyefikisha 50 kati ya 100 za kona bila mlinzi hana ruhusa ya kutupa za tatu kwenye mechi, labda saa iko chini ya sekunde 5. Linaonekana kali. Lakini likiandikwa ubaoni kwa namba, hakuna anayelalamika kwamba kocha anapendelea.

Uwanja wa wazi una upepo. Mchana wa Agosti na Septemba mtupo wa mbali unaweza kuhama sentimita kadhaa, na ringi ina upana wa sentimita 45 tu. Fanyeni mitupo ya mbali mwanzo wa mazoezi mkiwa na miguu, na siku ya upepo mkali mhamie leyapu na mitupo ya ubaoni.

Mitupo huru: miwili tu kwa wakati mmoja, baada ya mbio za kwenda na kurudi. Kupanga foleni na kutupa 50 mfululizo ukiwa umepumzika hakufanani na kitu chochote kinachotokea kwenye mechi.

Mkiwekewa zoni

Zoni ni ulinzi ambao kila mlinzi analinda eneo badala ya mtu. Mtawekewa, kwa sababu kila mtu anajua hamtupi vizuri. Mweke mpigaji pasi wenu bora, hata kama si mrefu, kwenye mstari wa mitupo huru katikati ya zoni. Mpira umfikie huko walau mara moja kila zamu. Akiupata ageuke: wale wawili wa mbele watajikunja kumfuata, na kona zitafunguka. Kuzungusha mpira nje kwa pasi nane bila kuingia ndani ni kuwapumzisha wapinzani.

Ribaundi bila kujianika

Watatu waingie kugombania, wawili warudi mara tu mpira unapoondoka mkononi, wasingoje kuona kama umeingia. Mtupo wa kona ukikosa, mara nyingi mpira huangukia upande wa pili, hivyo winga wa upande huo ndiye wa kwanza kuingia. Mkipata ribaundi hiyo saa inarudi 14, siyo 24. Ukiwa chini ya ringi rudia kufunga, la sivyo toa nje haraka kwenda kona, walinzi wote wamekodoa macho ndani.

Wiki ya mazoezi

Siku nne, kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na robo, kwa sababu baada ya hapo kiza kinaingia na mpira hauonekani. Dakika 25 za kutupa, 10 za pasi bila kudunda, 20 za kukimbiza mpira kutoka kwenye ribaundi, 30 za piki-endi-roli, na 20 za mchezo wa watano kwa watano. Mchezo huo daima uanze na ulinzi: timu haipati mpira mpaka imezuia. Hivyo ulinzi haufi wakati mnanoa upande wa pili.

Masika, Machi hadi Mei, uwanja wa saruji ukilowa usiwakimbize watu. Goti moja likitenguka umepoteza msimu. Tafuteni ukumbi wowote wenye sakafu kavu, fanyeni pasi, miguu ya kizuizi, na kusoma kaunta buku pamoja.

Baada ya wiki sita rudia hesabu ya zamu. Kama pointi kwa zamu zimepanda lakini mnafungwa zaidi, kosa huwa kwenye upangaji: umewachezesha watupaji wawili wasiozuia kwa pamoja. Watenganishe. Mmoja akiwa ndani, mwingine benchi, na kila mmoja azungukwe na walinzi wako watatu bora.

Mnaposafiri kwenda Dar, bebeni pampu na sindano mbili. Mpira uliojazwa vizuri Arusha ukifika usawa wa bahari unakuwa laini, kwa kuwa hewa ya nje kule ni nzito zaidi na inaubana. Kipimo kinaweza kushuka karibu pauni 2 za mgandamizo, na mchezeshaji wako atashangaa mpira haurudi mkononi. Kabla ya mazoezi ya kwanza uachie kutoka urefu wa mita 1.8, ukipimia chini ya mpira. Ukidunda, juu yake ifike kati ya mita 1.2 na 1.4. Haujafika, ongezeni upepo. Na mkirudi Arusha utakuwa mgumu kama jiwe, punguzeni kabla mtu hajavunja kidole.